La

Piano ya ukumbi wa parokia, Chumbageni,
ina vibao themanini na vitano. Vinalia themanini na vinne.
La iliyo juu ya do ya kati, ukiibonyeza,
hushuka kimya kama mtu anayeketi msibani.
Chumvi, alisema fundi Makihiyo. Kisha akataja bei.
Tukaachia hapo.

Na kipande nilichokipenda, cha yule bwana wa nywele za unga
aliyekufa kabla reli haijafika Tanga,
kina la kila mahali, kila kituo, kila kona.
Nikikipiga, kilikuwa kibogoyo
anayesimulia hadithi tamu.

Ndipo nikamwendea Chausiku, muuguzi wa Bombo,
mwenye filimbi ya fedha inayolala ndani ya soksi.
Kazi yako noti moja tu, nikamwambia.
Mimi napita, wewe unaziba.
Akacheka. Yaani niwe kiraka?
Kiraka, nikasema, lakini cha hariri.

Nikapiga mistari mitano kwa rula
nyuma ya ankara za saruji,
nikamwandikia la, nyamaza, la, nyamaza,
ukurasa mzima wa kukataa.
Alipopuliza, ilikuwa kuku aliyekanyagwa,
kimya,
kuku yuleyule, amekanyagwa tena.
Huwezi kuvuta pumzi kwa noti moja, akasema.
Pumzi ni maji ya ndoo. Ukishayateka
huoshi kidole kimoja.

Basi nikamwongezea. Noti mbili za kuingilia,
kama mtu anayepiga hodi kabla ya kusukuma mlango.
Tatu za kutokea. Mstari wa nane nikampa mteremko mzima,
nikiunyang'anya mkono wangu wa kulia,
na mkono ukabaki gotini, unanuna.
Usiku naandika, alfajiri nafuta.
Palipojaa mno nilimsikia bwana wa unga akikohoa:
nimekuachia nyumba, wewe unajenga kibanda uani?
Nikafuta tena. Kifutio kikaila karatasi
mpaka tarakimu za upande wa pili zikachungulia:
mifuko mia mbili, Pongwe, imelipwa nusu.
Chausiku akazipuliza hata hizo.
Nilidhani ni noti, akasema.
Mbili kati yake nimeziacha.

Jumatano nikamkuta Makihiyo amepiga magoti,
pini mdomoni, tumbo la piano wazi.
Padri amepata pesa. Bonyeza, akasema.
Nikabonyeza.
La ikalia, nzima, ya mviringo,
kama haijawahi kukosekana.

Nilishukuru. Nilimnunulia soda.
Kisha nikakaa na karatasi zangu
kama aliyempunguzia mgonjwa nguo
na mgonjwa amenenepa.

Chausiku alikuja na sare ya zamu, spiriti vidoleni.
Sikumwambia. Tukaanza.
Kipimo cha tatu, kidole changu cha nne
kikasimama juu ya kibao kile,
kizima, kinangoja.
Nikakiruka.

Akaijaza yeye.
Na kabla ya noti ikasikika pumzi,
ule mvuto mdogo wa mtu aliyetoka kukesha na wagonjwa,
ambao piano haina
na bwana wa unga hakuuandika.

Mlangoni Makihiyo ameshika kichwa, chupa ya soda mkononi.
Bado mbovu?
La, nikamjibu.