Dakika Arobaini

Zamu ya usiku hunitema saa moja na robo.
Saa mbili kasoro tano mke wangu hutoka kwenda kazini,
ananikabidhi mapacha mlangoni.
Katikati ya hapo ni zangu: dakika arobaini
nyuma ya gereji, Nyamasaria,
mimi na Datsun niliyoinunua
kwa bei ya ng'ombe aliyekonda.

Ilikuwa ya mnunuzi wa mpunga kule Ahero.
Nilipong'oa zulia la chini, punje ziliporomoka,
na moja, haki ya nani, ilikuwa imeota kwenye kutu.

Mwalimu wangu ni Amondi, miaka ishirini na mitatu.
Hutafuna muwa akiniita Daktari,
na anajua vizuri kuwa mimi ni muuguzi.
"Daktari, hiyo spana umeishika kama kijiko cha uji."

Wiki ya kwanza nilijifunza nati moja.
Moja. Iligoma Jumatatu, ikagoma Jumanne.
Jumatano sikufika, bodaboda mbili ziligongana Kondele.
Alhamisi Amondi aliidondoshea mafuta, akaenda zake.
Ijumaa ikalegea, taratibu,
kama mtoto aliyekuwa akijifanya amelala.

Mwezi wa tatu nikaingiwa na kiburi.
Tundu mlangoni, upana wa sarafu ya shilingi kumi:
nikalijaza puti, nikalilainisha kwa msasa,
nikapiga picha, nikaizungusha wodi nzima.
Amondi alibonyeza kwa kidole gumba.
Kikazama mpaka kwenye kiungo.

"Chini kulikuwa na nini?"
Kutu.
"Na kidonda chenye usaha, huko kwenu,
mnakifunga bendeji tu, mtu aende nyumbani?"

Sikujibu. Miaka kumi na mmoja naosha vidonda.
Nikachukua brashi ya waya, nikakwangua
mpaka bati likalia sauti yake halisi,
mpaka tundu la sarafu likawa la sahani
na mlango ukawa mbaya kuliko nilivyoununua.
"Haya," akasema, akitema kapi la muwa,
"sasa ndiyo umeanza."

Majirani huuliza litatembea lini.
Nasema Krismasi. Nilisema hivyo hata mwaka jana.
Mke wangu haulizi. Hunusa mafuta taa shingoni mwangu,
hunipa mtoto mmoja, halafu wa pili.

Leo asubuhi, kipande kipya kikiwa kimechomelewa,
mshono umepinda kidogo (ni wangu, si wa Amondi),
mlango ulifunga kwa mara ya kwanza.
Si kishindo, si kelele ya debe.
Tap. Kama mtu aliyemaliza kusema.

Nikaufungua. Nikaufunga.
Nikaufungua.
Dakika zote zilizobaki zikaishia hapo,
mpaka sauti ikatoka chini ya lori la mchanga:
"Daktari! Mwache mgonjwa alale!"