Kesi ya Mpaka

Kesi kati ya baba na mzee Kimolo
ilifunguliwa mwaka nilioota meno ya pili.
Mpaka wenyewe ni mstari wa minyaa
toka mwambani hadi njia ya ng'ombe,
na hatua tatu za udongo mwekundu
ambazo kila mmoja aliapa ni zake.

Baraza likakaa. Likaahirishwa.
Shahidi mmoja akahamia Babati, mwingine akafa.
Mvua ya Januari, ile isiyonyesha bali humwagwa,
ikaja usiku bila kuitwa shaurini.
Asubuhi tukakuta mfereji katikati ya minyaa,
upana wa jembe;
mbuzi aliuruka bila kufikiri.

Mwaka wa pili mbuzi akafikiri.
Mwaka wa tano tukalaza gogo la kuvukia.
Mwaka wa tisa gogo halikufika ng'ambo.

Maji hayakuwa na hasira.
Hayamjui baba, hayamjui Kimolo.
Yanaokota chembe, yanapita,
na mwakani yanakuja mengine kuendelea palepale
kama vibarua wa zamu.
Ukingo huliwa chini kwa chini,
nyasi zikabaki juu zinaning'inia
kama jamvi lililotandikwa hewani.
Kisha minyaa ikashuka, mmoja mmoja, wima,
kama watu wanaoteremka ngazi.

Leo nimesimama chini ya korongo, napapasa ukuta.
Juu kabisa, kiganja kimoja cha udongo mweusi:
huo ndio uliotulisha.
Chini yake mwekundu. Chini yake mchanga,
na kokoto za duara.
Za duara!
Basi hapa ulishapita mto
kabla hajazaliwa mtu wa kuulalamikia,
ukajifukia, ukasahaulika, ukalimwa mtama.
Na vilima hivi vya Kondoa
nilivyodhani viliumbwa hivi hivi
ni masalia ya kitu kirefu zaidi
kilichoshindwa kesi yake zamani.

Faili bado li wazi kwa katibu wa kata.
Alikuja kupima upya; kamba haikutosha.
Wazee wawili husalimiana kwa kupaza sauti,
kila mmoja ukingoni kwake,
na bonde huwarudishia salamu zote mbili
zimechanganyika.

Zile hatua tatu, je?
Zilishuka na kijito, zikaingia mto Bubu,
zikasafiri usiku zikiwa tope
hadi Bahi, ambako maji huchoka
na kutua mzigo.

Mwezi uliopita nilikuwa Bahi, sokoni.
Mama Nyemo akanipimia mchele,
debe likafurika, akalisawazisha kwa kiganja.
"Ardhi yetu ina baraka," akasema,
"kila masika tunaletewa mpya."

Nilitaka kumwambia inakotoka.
Nikaomba anipunguzie bei.
Akakataa.