Ratiba Nyuma ya Kalenda

Nimegeuza kalenda ya mwaka jana,
ile ya duka la simenti pale Tena.
Mgongo wake mweupe, haujaahidi kitu.
Rula hatuna, tunatumia ubao wa kukatia sukuma.
Kwamboka anashika ncha moja, mimi nyingine,
tunaigawa siku kama watu wanaogawana nyama,
kila mmoja akichungulia fungu la mwenzake.

Saa moja na nusu, kuamka.
Nimefuta. Nimeandika saa moja kamili.
Saa moja ndipo ninapoingia kutoka zamu ya usiku,
nanuka hamira mpaka kwenye nyusi,
na nataka kuwakuta na tongotongo zao.

Maana mwaka jana niliwajua kwa migongo.
Basi la shule lilipiga honi saa kumi na moja na nusu, giza totoro,
mimi bado natoa trei za mwisho motoni huko Viwandani.
Jioni wakipanda ngazi, mimi nafunga kamba za viatu.
Ombati aliulizwa darasani, baba yako hufanya kazi gani?
Akajibu: hulala.

Hiyo ndiyo sababu, shemeji akiniuliza,
au wale wa ghorofa ya tatu wanaonong'ona kuwa karo imetushinda.
(Karo nayo ilikuwa imetushinda kidogo.
Hilo halina mraba kwenye ratiba.)

Saa mbili, hesabu.
Hapo tukakwama. Kerubo anakodolea saa ya ukutani,
mshale mfupi umekalia nane.
"Mbona yenyewe inasema nane, nyinyi mnasema mbili?"
Nikamwambia sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza,
waliotengeneza hiyo saa walianza usiku wa manane,
watu wote wakiwa wamelala.
"Wewe huwa hujalala," akasema.
Kwamboka akaandika pembeni, kwa penseli:
Saa. Somo la wiki nzima.

Saa tatu, sehemu.
Mkate mmoja uliobonyea, usiofaa kuuzwa:
nusu, robo, thumuni,
mpaka jibu likaliwa na siagi.

Saa nne, insha, cherehani ikinyamaza.
Ila Januari cherehani hainyamazi.
Mke wangu anashona kola za sare za watoto wa watu,
bluu, kijani, maruni,
wake wamekaa mezani na nguo za kulalia
wakiandika kuhusu siku ambayo hawataisahau.

Jumanne tumeiacha wazi kuanzia saa tano.
Jumanne maji huja, na hakuna somo linaloushinda mfereji.
Tukakubaliana tuiite sayansi: ujazo.
Madumu sita, lita ishirini kila moja,
moja linavuja. Ondoa linalovuja.

Saa sita mpaka saa kumi,
Kwamboka amechora mraba mkubwa kuliko yote,
akaupaka rangi ya kijivu: Baba amelala.
"Kulala ni somo?" Ombati akauliza.
"Kunyamaza ndilo somo," mamake akajibu,
"na wewe utalirudia darasa."

Siku ya pili tu, ratiba ikaanza kutudharau.
Stima ilipotea kabla ya chai.
Kerubo alitapika kwenye ramani ya Afrika,
kuanzia Chadi kwenda kusini.
Mteja wa kola alibisha, akaketi, akaeleza talaka yake yote.
Nililala nikisikia nyuma ya pazia
watoto wakisoma kwa kunong'ona,
nyo, nye, ng'o,
kama watu wanaoiba kitu kidogo kidogo.

Niliamka saa kumi na robo, shingo imekauka.
Ndani ya ule mraba wa kijivu
mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu,
herufi zimelala upande:

Sayansi. Saa nane na dakika tano, saa ya kwetu.
Baba amekoroma mara kumi na nne kwa dakika moja.
Ombati anasema kumi na tano.
Tutapima tena kesho.