Ufunguo wa Pili

Sanduku letu lina kufuli tatu,
na ufunguo wa pili unalala kwangu,
umefungwa kwenye pindo la kitenge
mwaka wa tisa sasa, hapa Usoke.
Kila Alhamisi nafungua daftari
nikaandika hela za watu,
na nimejua mambo
ambayo hata waume zao hawayajui.

Kapela hukopa mara moja kwa mwaka,
fedha ya misumari na kamba, basi.
Kigugumizi kilimshika tangu darasa la kwanza;
neno lake hukaa mlangoni
kama mgeni asiyejua abishe hodi au arudi.
Tulimcheka. Akahamia porini,
kwa viumbe wasiomkatiza mtu.
Mizinga sita ikawa sitini na nne.
Wenzake huuza asali ingali inanuka moshi;
yeye huiweka uvunguni
hadi mvua ikate barabara
na bei ipande yenyewe, bila kuitwa.
Kusubiri hakumgharimu kitu:
maisha yake yote anasubiri neno.

Nyanzobe, huyo ni mwingine.
Alikulia chini ya madirisha ya behewa,
treni ikisimama dakika kumi,
karanga mkononi, chenji mdomoni,
anayesita anarudi nyumbani na ungo uliojaa.
Hadi leo huhesabu kama anayefukuzwa.
Michembe, vitenge, kuku, simu za mkopo:
ameanguka mara tatu, mara moja na hela yangu,
na kila akianguka huinuka
ameshika kitu, hata kama ni mchanga.
Faini zake naziandika huku nacheka.

Halafu kuna Mihayo.
Jembe lake halina mpinzani stesheni hadi mtoni.
Lakini alikuwa na miaka minane
chama kilipokuja kuchukua baiskeli ya baba yake:
deni la mbolea, tumbaku imepigwa mvua ya mawe.
Anakumbuka kengele ikilia yenyewe
kwenye mashimo ya njia
mpaka ilipokata kona.
Mwaka jana tulimbembeleza achukue fedha ya mashine ya kukoboa.
Akasema, "Asanteni,"
akaweka hisa zake mbili, akaondoka.
Ni maskini? Sijui.
Saa mbili usiku amelala, mlango wazi.

Juzi alikuja kijana wa semina
na karatasi kubwa na kalamu za rangi.
Akachora ngazi.
Utajiri una vidato vitano, alisema, yeyote anapanda.
Tukapiga makofi, tukala wali.
Mimi nilivitazama vile vidato
nikajiuliza kama kijana anajua
miguu yetu imetokea wapi.

Maana hata mimi.
Bibi alificha noti kwenye chungu,
chini ya jiwe la kusagia.
Alipozitoa ili nisome sekondari,
benki ikamwambia zimepitwa,
mpya zimetoka zamani.
Tukazichezea duka, mimi na wadogo zangu;
nilikuwa muuzaji, nilikuwa tajiri.
Tangu hapo karatasi nawatunzia wengine.
Zangu nanunulia bati, moja moja, kila mavuno.
Yapo kumi na saba chumbani,
yameegemea ukuta
wa nyumba niliyoiezeka kwa nyasi.

Jana Kapela alileta rejesho lake.
Akayaona. Akaanza, "Ba..."
Nikasubiri, akasubiri,
jogoo akapita kati yetu.
"Bati linalala ndani, nyasi zinalowa nje."
Akanywa maji, akaenda zake.

Leo Alhamisi. Kufuli tatu zimefunguka.
Nyanzobe anapiga kelele, Mihayo ameketi karibu na mlango.
Kwenye safu ya wakopaji nimeandika
matofali elfu tatu, mbao, fundi,
na pembeni, kwa mara ya kwanza,
jina langu,
mkono ukitetemeka kama wa mwizi.

Nimeliandika kwa penseli.