Vibao vya Kukatia

Boti ya Humeid haitaki kushuka.
Trela limeshaingia majini hadi ekseli,
Hailaksi inakoroma kwenye mteremko wa bandari ya Quriyat,
na boti imekaa juu ya mbao zake
kama mgeni aliyekwisha kutikisa kikombe cha kahawa
na bado haagi.

Humeid anasukuma kwa bega la kulia.
La kushoto lilipasuliwa Maskati mwezi wa Shaabani,
daktari akamwambia: usinyanyue kitu kizito kuliko birika.
Shofiqul yuko upande wa pili, maji kifuani,
anahesabu kwa Kibangla.
Mimi nahesabu kwa Kiswahili ndani ya gari, mguu kwenye breki,
na kwenye tatu hatujakutana hata mara moja.

Nimesomesha fizikia miaka ishirini na sita,
wasichana wa hapa hapa, kwa Kiarabu,
lakini neno lenyewe lilinikaa kwa lugha ya nyumbani:
msuguano.
Nililipata kwa Mama, aliyehamisha kabati la mvule peke yake
kwa kulipaka miguu sabuni ya mche.

Zulia ndilo linaloshika, nikasema.
Limekunywa chumvi na mchanga, limegeuka msasa.
Humeid akajibu kwamba zulia lilikuja na trela,
na trela lilitoka Dubai.
Kana kwamba Dubai hawakosei.

Tukajaribu sabuni ya vyombo: ikadumu siku moja.
Tukajaribu mishumaa tuliyoweka kwa ajili ya kimbunga,
tukaisugua mpaka vidole vikawa vya manjano.
Siku nne, jua likainywa.
Grisi ilichafua tumbo la boti na kanzu mbili.
Shemeji Mslem akaleta samli.
Samli!
Paka wote wa bandari wakaja kulilamba trela,
boti ikabaki palepale.

Jioni moja Humeid akasema, bila kunitazama,
kuna mtu wa Tiwi anaulizia bei.
Sikumjibu. Nilikuwa nakata vitunguu.
Marumaru ilikuwa na maji, na kibao kikanikimbia,
kisu kikabaki hewani.
Kibao cheupe cha plastiki, kizito, chenye makovu ya miaka.
Nikakigeuza. Nikakisukuma kwa kidole kimoja.
Kikaenda hadi kwenye sinki.

Nilikuwa navyo vinne:
cha samaki, cha vitunguu, cha mkate,
na kile kikubwa cha mbuzi wa Idi.
Sita vingine nikanunua kwa Mmalabari, akauliza kama nafungua hoteli.
Shofiqul aling'oa zulia, tukavipasua kwa msumeno,
tukavipiga skrubu juu ya mbao,
na kila kichwa cha skrubu nikakizamisha ndani
kisije kikaikwaruza faiba.
"Mwalimu," akaniita, akinipa keekee.
Neno hilo sikumfundisha mimi.

Asubuhi Humeid akafungua mnyororo mapema,
kwa mazoea ya kushindwa,
akaweka bega, akasema bismillahi, akasukuma.
Hapakuwa na cha kusukuma.
Akaingia baharini mpaka ndevu,
na boti ikamwacha, haina mtu,
ikaenda zake kusalimia mashua za watu.
Shofiqul akaogelea kuifuata kamba, anacheka, anameza maji.
Nami nilicheka kwenye usukani
hadi honi ikalia.

Sasa sheria ni moja: mnyororo mwisho.

Adhuhuri ikarudi na jodari wawili.
Humeid akazungusha winchi kwa mkono mmoja, wa kulia,
taratibu, kama mtu anayevuta ndoo kisimani,
boti ikapanda bila neno.
Hakusema kitu. Alipapasa kile kibao cha mbuzi,
kidole kikafuata mikwaruzo ya visu.

Siku za joto trela letu linanuka vitunguu.
Mtu wa Tiwi amepiga tena, simu imelia mpaka ikachoka.
Na mimi nakatia kiganjani, kama Mama,
maana kibao kipya Humeid aliahidi kuninunulia
tangu wiki iliyopita.