Daftari la Mhazini

Ukurasa wa kwanza umelowa kahawa.
Novemba 1972, Penhale, Michigan,
ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri.
Waliohudhuria: saba,
na mmoja wao, naambiwa, alifuata joto la jiko tu.

Mgodi wa shaba ulikwisha fungwa.
Kampuni ya reli iling'oa vyuma vyake, ikaviuza kwa kilo,
ikatuachia kokoto, mataruma yanayonuka lami,
na mstari mrefu msituni usiokwenda popote.

Bessie Trembath hakutaja burudani.
Alisema: dada yangu anakaa Pelto, maili nne,
na barabarani malori ya magogo
yananimwagia theluji usoni.
Nipeni pa kupita.

Basi. Ndiyo asili yetu.

Orodha ya mali: toroli moja, gurudumu bovu.
Misumeno miwili, mmoja wa kuazima.
Sururu ya marehemu Trembath,
mpini umelainishwa na viganja
vilivyochimba gizani miaka thelathini,
leo inachimba juani.

Mwaka wa sabini na sita serikali ikataka karatasi.
"Shirika lisilo la faida," akaandika Aili Kangas,
na mumewe akacheka hadi akashika mbavu:
hilo hata bila muhuri tulishalijua.

Haba na haba. Keki ziliuzwa,
chupa tupu zikarudishwa dukani,
mtoto wa darasa la nne akaleta senti ndani ya soksi.
Soksi nayo imeandikwa. Aili hakuacha kitu.

Kisha, Aprili themanini na tatu, wino unageuka mwekundu.
Reino Hautala amefunga mnyororo njiani:
hatua mia sita za ardhi yake, na kibao, na mbwa.
Walimwendea na barua, na mkate wa nyama, na mchungaji.
Akasema, babu yangu alilala njaa kwa ajili ya mawe haya.
Nani angembishia? Ilikuwa kweli.
Wakazunguka kinamasini, wakatandika mbao juu ya matope,
mbu wakala walichokula,
miaka kumi na moja.

Mkewe, Lempi, akapooza upande mmoja.
Daktari akamwambia atembee kila siku,
mahali pasipo kilima.
Na muhtasari wa Mei una mstari mmoja tu:
"Mnyororo haupo. Hakuna aliyeuliza."

Niliwaona, nikiwa kijana na baiskeli yangu:
Lempi na fimbo, Reino nyuma yake,
mikono ameitanguliza kidogo
kama anayemfuata mtoto wa dede,
na mbwa yuleyule, mzee sasa,
akiwaongoza wote.

Mafuriko yalichukua daraja. Likajengwa.
Yakalichukua tena. Nisikuchoshe.

Tuligombana pia.
Pikipiki za theluji, zipite au zisipite?
Ndugu wawili hawajasalimiana tangu kura ile.
Hilo halimo daftarini, nalitia mimi.

Bessie hakuiona njia ikifika Pelto.
Ilibaki robo maili tulipomzika.
Siku ilipokamilika, dada yake alikuja kutoka upande wa pili,
amevaa viatu vya kanisani,
akasimama ukingoni mwa kokoto mpya,
akaitazama kwa muda,
kisha akaikanyaga, taratibu,
kama anayejaribu maji kwa kidole.

Sasa daftari liko kwangu.
Jana nilikata msonobari uliolala njiani,
leo mabega yananiuma na kalamu ni nzito.
Na ipo hesabu moja isiyokaa:
dola kumi na nne na senti arobaini,
zimepotea tangu 1978.
Aili alizitafuta. Waliomfuata walizitafuta.
Ningeweza kuzitoa mfukoni mwangu, nikafunga.

Lakini kila Januari naandika walivyoandika wao,
"Inahamishiwa ukurasa unaofuata,"
nalamba kidole,
nafunua.