Zamu ya Usiku, Sheli ya Nyakato

Saa saba usiku. Pampu namba mbili inakohoa,
bodaboda anataka ya elfu tatu, hataki risiti.
Namjazia, narudi kwenye ndoo niliyoigeuza kiti.
Daftari liko wazi palepale nilipoliacha:
mnato, kanieneo, upenyo wa mwamba.
Nina sapu moja. Wiki tatu zimebaki.
Bumu halijatoka,
na nauli ya kurudi chuo naichota hapa,
lita kwa lita, kwenye matangi ya watu.

Deusi, mwenzangu wa zamu, anacheka:
"Miaka minne unasomea mafuta,
na mafuta yenyewe si haya unayauza?"
Simjibu. Hata mimi nilianza nikidhani
chini ya ardhi kuna ziwa jeusi,
kama hili letu, ila limefunikwa,
na kazi yetu ni kutumbukiza mrija.

Siku ya kwanza maabara, Mwalimu Rwegoshora
aliweka mezani mawe mawili.
Moja nililijua kabla hajalitaja: itale,
ndugu wa yale yaliyobeba nyumba yetu Mabatini,
ambayo mama huanika mihogo mgongoni mwake.
Akadondosha tone. Likatetemeka juu,
likatafuta ukingo, likaanguka.
La pili lilikuwa la mchanga, la kahawia, halina sura.
Tone likazama kana kwamba halikuwahi kuwapo.
"Hili linakunywa," alisema.
"Mafuta hayakai shimoni. Yanakaa ndani ya jiwe
kama jasho ndani ya shati."

Nikaona aibu kwa niaba ya Mwanza nzima:
mawe yote yale,
na hakuna hata moja lenye kiu.

Baba alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, Kirumba.
Kucha zake hazikutakata hata siku ya Pasaka.
Mafuta aliyajua kwa ulimi:
alionja, akatema, akasema, "Yamechakachuliwa."
Hakukosea.
Mimi nina kikokotoo na majedwali,
na swali la nne nimelikosa mara tano.

Pale mwaloni, alfajiri, maji huota ngozi
ya zambarau na kijani, uvujaji wa injini.
Utotoni niliita upinde wa mvua uliolala.
Sasa nakadiria unene wake,
na nawaona sato wadogo chini yake
wakipanda kutafuta pumzi.
Hilo halimo kwenye mtihani.
Nimeliandika pembeni, kwa penseli.

Saa kumi, lori la tangi linaingia.
Kabla ya kushusha napanda juu na kijiti cha kupimia,
nakizamisha gizani, nakivuta,
nasoma alama iliyolowa kwa tochi ya simu.
Pungufu. Lita mia na arobaini.
"Ni baridi ya usiku, binti," anasema dereva.
"Mafuta husinyaa. Wewe hayo huyajui."

Nagusa ncha ya kijiti kwa kidole.
Naonja. Natema.
"Yametoka depo yakiwa na joto la ngapi?" namuuliza,
na nafungua kikokotoo.